Miezi mitatu ya Kyela si miezi mitatu ya Uyole

Aliyeniuzia marando ya viazi vitamu aliniapia: "Dada, hii ni ya miezi mitatu tu, Aprili unapika." Marando yalitoka Kyela, na kwa kule hakusema uongo. Kyela ipo chini, kando ya Ziwa Nyasa, joto usiku na mchana. Mimi nalima Uyole, huku juu Mbeya, ambako mwezi wa sita asubuhi huwezi kushika jembe bila kupuliza vidole. Gunia lilinigharimu elfu ishirini na kitu, nauli mbali, nikapanda katikati ya Januari.

Aprili nikafukua shina la kwanza: mizizi minene kama kalamu. Jirani akanishauri niongeze samadi. Hapo ndipo nilipoharibu kabisa, maana samadi nyingi huita majani. Marando yakafunika matuta yote, tukala matembele kila jioni, chini hakuna kitu. Mei mvua ikakata, Juni baridi ikaingia, na kiazi kwenye baridi hakinenepi hata ukisubiri. Mpaka leo nikisikia mtu anauza mbegu kwa kutaja miezi bila kuuliza shamba lako liko wapi, naudhika.

Mwaka uliofuata sikumsikiliza mtu. Nilipanda aina tatu siku moja, matuta mawili mawili: ile ya Kyela, ya kienyeji ya jirani yenye nyama nyeupe, na Kabode, kile kiazi lishe chenye rangi ya chungwa ndani. Nikafunga kamba za rangi ili nisichanganye. Kuanzia mwezi wa tatu tangu kupanda, kila mwezi nilifukua mashina mawili ya kila aina nikapima kwa mizani ya dukani. Mwezi wa tatu zote zilikuwa vidole. Mwezi wa nne Kabode ilishakuwa kiazi cha kuuza. Ya jirani iliamka mwezi wa sita, na ilikuwa nzito kuliko zote, ila nani ana mvua ya miezi sita? Ya Kyela ilibaki vilevile.

Basi nimeshika Kabode. Lakini aina peke yake haitoshi. Ukisubiri mvua ndipo utafute marando, mwezi mzima umepotea. Mimi nayatunza kiangazi kwenye kitalu kidogo chini ya migomba, yanywe maji ya kuoshea vyombo, na migomba inayakinga baridi. Yenye majani yaliyojikunja au yenye manjano nang'oa na kuyachoma, huo ni ugonjwa wa virusi. Mvua za kwanza za Desemba zikinikuta, nakata ncha tu, kama sentimita 30, siyo shina kuukuu la chini, jioni hiyohiyo nimepanda.

Mwisho wa Aprili nimevuna, udongo bado laini, jembe linaingia bila kukwaruza viazi. Ile ya Kyela nimeibakizia tuta moja karibu na jiko kwa ajili ya matembele. Majani yake ni laini kuliko yote niliyowahi kupika.