Nilivyokata bima ya mtandao kwa ofisi ya watu watano Tanga

Ofisi yangu ipo Ngamiani, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vitenge. Tunatoa mizigo bandarini: magari, vipuri, mashine za mkonge. Tupo watano, kompyuta nne, na printa moja inayogoma kila Ijumaa. Zamani mtu angeniambia ofisi kama hii inahitaji bima ya uhalifu wa mtandao, ningecheka. Nilidhani hayo ni mambo ya mabenki.

Kazi yetu ina jambo moja ambalo mwizi aliliona kabla yangu. Ushuru mteja hulipa mwenyewe serikalini kwa namba ya malipo, lakini gharama za wakala wa meli, za lori na ada yetu hupitia akaunti yetu. Kwa hiyo kila wiki kuna mtu anasubiri barua pepe yetu ajue atume fedha wapi. Mwaka juzi mwizi akaingia kwenye barua pepe ya ofisi, akaweka agizo kila barua impelekee nakala, akatulia. Hakuharibu kitu, alisoma tu, mpaka kontena la mama mmoja wa vipuri wa Korogwe lilipofika. Tulimtumia ankara ya shilingi 18,400,000. Saa mbili baadaye akapokea barua nyingine kutoka anwani yetu ileile, nembo yetu, hata salamu yangu ya "Asalaam aleikum mama yangu", ikisema akaunti ya zamani ipo kwenye ukaguzi, atumie hii mpya. Akalipa.

Tuligundua siku ya nne, alipopiga kuuliza mbona mzigo hautoki. Benki walipoizuia ile akaunti ilikuwa na laki mbili na kitu. "Waja leo, waondoka leo" tunasema sisi wa Tanga, lakini tunawasema wageni, si fedha.

Polisi tulitoa taarifa, tukapewa namba yake, RB. Kilichoniumiza zaidi ni mabishano na yule mama. "Mwanangu, barua imetoka kwako." "Mama, ungenipigia." Kila mmoja alikuwa na haki yake, na huku gharama za kuhifadhi kontena zinapanda kila siku. Mwishowe mjomba wake alitukalisha chini, tukagawana hasara nusu kwa nusu. Nusu yangu niliipata kwa kuuza gari langu, Noah.

Ndipo nikaanza kutafuta bima. Ile ya moto na wizi niliyokuwa nayo, kijana aliyenihudumia aliisoma akanijibu kwamba inalipa kompyuta ikiibwa, si kilichomo ndani yake. Kampuni ya pili walinionesha bima ya mtandao ya kimo cha benki, ada yake ingenifunga ofisi. Rafiki wa bandarini akanielekeza kwa dalali wa bima wa Dar es Salaam, dada mmoja mwenye subira. Nilihakikisha kwanza kwamba amesajiliwa na TIRA, mamlaka ya serikali inayosimamia bima. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Alinieleza kwa lugha ya magari. "Kaka, hii ina bima ndogo na bima kubwa ndani ya hati moja." Ile ndogo ni madai ya watu wengine juu yako: taarifa za wateja zimevuja, wanakudai, au unatakiwa kujibu chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Nikalifikiria kabati letu, nakala za pasipoti, TIN na vitambulisho vya NIDA vya miaka saba, nikanyamaza. Ile kubwa ni hasara zako mwenyewe: mtaalamu wa kuchunguza, wakili, kurudisha mafaili, na mapato kazi ikisimama. Hapo pana kungoja. Kwenye hati yangu, hasara ya saa 12 za kwanza za kazi kusimama nabeba mimi.

Nikamuuliza swali lililonipeleka kwake: ile hasara yangu ya mwaka juzi ingelipwa?

"Hapana."

Nilidhani ananitania. Akanifungulia ukurasa. Udanganyifu wa fedha umewekwa kando, una kikomo chake kidogo, na unahusu fedha zinazotoka kwenye akaunti yangu mimi nikidanganywa. Aliyedanganywa alikuwa mteja, fedha zilitoka kwake, hazikuwahi kuwa zangu. Kwa hati ya kawaida ningekuwa na bima ya milioni 150 na bado ningeuza Noah. Akaomba kampuni iongeze kipengele cha ankara zilizochezewa, yaani mteja akilipa kwingine kwa sababu mwizi alitumia barua pepe yetu. Wakakubali kwa kikomo cha milioni 20, na sharti moja: badiliko lolote la akaunti, liwe letu au la watu tunaowalipa, lithibitishwe kwa sauti, kwa namba ya simu tuliyokuwa nayo tangu zamani, si iliyoandikwa kwenye barua. Na iwe na kumbukumbu.

Fomu ya maombi ndiyo ilinikalisha usiku. Swali mojawapo: je, kila anayeingia kwenye barua pepe hutumia uthibitisho wa hatua mbili? Nilitaka kuweka tiki ya ndiyo, maana baada ya neno la siri kuna namba ya kuthibitisha inayokuja kwa simu. Dada akanizuia. Akanisimulia kwamba mwaka 2022 kampuni ya bima ya Travelers iliishtaki kampuni moja ya Illinois, Marekani, ikidai ilijaza kuwa inatumia uthibitisho huo kumbe si kwenye mifumo yote. Iliishia pande zote kukubaliana hati ifutwe. Basi nikaenda kuangalia namba zetu za kuthibitisha zinakwenda simu ya nani. Zilikuwa zinakwenda kwa kijana aliyeacha kazi, sasa yupo Mtwara anauza korosho. Alikuwa anazituma WhatsApp kila tukimwomba, kwa upole kabisa, na mimi sikuwahi kujiuliza. Neno la siri lilikuwa limeandikwa kwenye kalenda ya ukutani. Diski ya nakala rudufu ilikuwa imechomekwa kwenye kompyuta usiku na mchana, kwa hiyo virusi vingeila pamoja na vingine.

Tulisafisha kwa wiki tatu kabla ya kupeleka fomu, na haikuwa kwa ajili ya kujaza fomu kwa ukweli tu: hati ina tarehe ya kuanzia, mwizi aliyekwisha kuingia kabla yake si wao wa kumlipia.

Kuna kipengele cha vita, kinachosema hasara za vita hazilipwi, nilikiuliza kwa udadisi. Mwezi Juni 2017 virusi vya NotPetya viliikwamisha Maersk, kampuni ya meli ambayo kila wakala wa forodha anaijua, na kampuni ya dawa ya Merck. Kampuni za bima za Merck zikagoma kulipa zikisema ni kitendo cha vita. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa ya New Jersey ikaipa Merck haki. Mwaka huohuo, kuanzia 31 Machi, Lloyd's, soko kubwa la bima la London, ikataka hati za bima ya mtandao za soko lake zitenge mashambulizi yanayodhaminiwa na dola. Kampuni zetu za bima hutegemea bima mtawanyo ya nje, yaani nazo hujikatia bima kwa kampuni kubwa zaidi, kwa hiyo maneno ya huko hutufikia hadi Ngamiani. Nilisaini hivyohivyo. Mwizi wangu hakuwa dola.

Ada ilikuwa milioni 1.9 kwa mwaka pamoja na VAT, na ililipwa yote kwanza, maana bila ada hakuna bima.

Mwezi wa Ramadhani mwenye malori yetu alituma barua kwamba amebadili benki. Binti wa hesabu akampigia kwa namba ya zamani. Alikuwa amebadilisha kweli. Akakasirika: "Miaka tisa tunafanya kazi, leo mnaniulizauliza kama mwizi?" Binti akamwomba radhi, akaandika saa na tarehe kwenye daftari, akalipa. Mzee alininunia mpaka Idi pili.