Mkia wa Tone: Kumbukumbu ya Mradi Wangu wa Kuchora Nyuso

Mradi huu una lengo moja, nalo ni kuufanya mpigo wa brashi uwe na sura ileile kila ninapouhitaji, hata usoni mwa mtoto asiyetulia aliyeketi kwenye kiti cha plastiki katikati ya uwanja wenye kelele. Huwachora watoto hapa Mombasa katika sherehe za kuzaliwa, siku za michezo za shule na viwanja vya Idi, na wengi wao huomba chui, kipepeo au buibui. Kipepeo aliyepakwa kwa sponji hupendeza kwa mbali, lakini anayemtazama kwa karibu huona kwamba uzuri wote umebebwa na mistari michache ya mwisho: matone meupe (mipigo yenye kichwa cha duara na mkia mwembamba) kandokando ya mbawa, mipindo inayochomoza pembeni mwa jicho, na nukta zinazopungua ukubwa kuelekea shavuni. Hiyo mistari ya mwisho ndiyo ninayoifanyia kazi tangu mwaka uanze.

Januari na Februari

Nilianza na maji kabla ya mkono, kwa sababu rangi ndiyo inayoamua mkono utaweza kufanya nini. Rangi za uso ninazotumia huuzwa zikiwa keki kavu zinazoamshwa kwa maji, nazo zimegawanyika katika makundi mawili makubwa. Kuna zile zenye gliserini nyingi, mfano Aquacolor ya Kryolan kutoka Ujerumani, ambazo huamka haraka kwa maji machache, hutanda laini na hazipasuki upesi mtoto anapocheka. Kuna na zile zenye nta, mfano zile za Wolfe kutoka Marekani, ambazo hudai kusuguliwa zaidi kidogo lakini zikikauka huacha mstari wenye kingo kali. Gliserini hufyonza unyevu wa hewani, jambo ambalo mkazi wa pwani hawezi kulipuuza, maana wakati wa kaskazi hewa ya Mombasa huwa nzito na jasho la mtoto huiamsha rangi iliyokwisha kukauka, tabaka la juu likachanganyika na la chini. Kwa hiyo nimeamua kwamba tabaka la msingi litakuwa la gliserini, jembamba, likipakwa kwa sponji iliyokamuliwa vizuri, na mipigo ya juu itakuwa ya nta.

Baada ya hapo nikajifunza kuupima uzito wa rangi kwa macho na kwa ngozi. Mstari mwembamba unahitaji rangi yenye wepesi wa wino, ilhali tone linahitaji rangi nzito zaidi, inayofunika ngozi mara moja bila kutiririka brashi inaposimamishwa. Mapovu yakitokea juu ya keki, maji yamezidi, na dawa yake ni kuendelea kuzungusha brashi mpaka yapotee. Kila nipakiapo rangi, kwanza hupiga mstari mfupi nyuma ya kiganja changu cha kushoto: mkia ukikatikakatika na kuacha mapengo, rangi imekauka mno, rangi ikikimbilia kingoni na katikati pakawa pa kuonyesha ngozi, maji ni mengi. Kipimo hiki huchukua muda mfupi sana, na sidhani kuna zoezi jingine lililonisaidia zaidi katika miezi hiyo miwili.

Nyeupe inastahili maelezo yake peke yake. Sehemu kubwa ya mafunzo ya video hufanywa juu ya ngozi ya Kizungu, ambako mchoraji hutegemea mstari mweusi kuupa mchoro ukingo. Juu ya ngozi za watoto ninaowachora, za maji ya kunde na nyeusi, mstari mweusi hupotea, na rangi hafifu za waridi au samawati hazionekani vyema zisipowekewa weupe chini yake. Kazi ya ukingo huchukuliwa na nyeupe. Kwa mpenzi wa mpigo wa brashi hii ni neema, kwa kuwa sijaona kinachong'aa kuliko tone jeupe juu ya ngozi nyeusi, lakini ni neema yenye masharti: nyeupe haifichi kitu, na kila mtetemo wa mkono, kila mkia uliokatika, huonekana hata kwa mtu aliyesimama mbali. Ndiyo maana mazoezi yangu yote huyafanya kwa nyeupe, na rangi nyingine huja baadaye.

Machi na Aprili

Tone hupatikana hivi. Brashi ya mviringo namba 4, yenye nywele za nailoni zinazorejea umbo lake haraka, hushibishwa rangi kuanzia nchani hadi karibu na pete ya chuma, kisha ncha hurudishiwa ukali wake kwa kuizungusha taratibu pembeni mwa keki. Mchoraji huilaza kidogo, akaishusha mpaka tumbo la brashi liguse ngozi na nywele zitanuke, akatua kidogo ili rangi ishuke na mwanzo wa tone uwe duara safi, ndipo akaanza kuvuta huku akiinua. Ugumu wote umo katika vitendo hivyo viwili vya mwisho, kwa sababu lazima viende pamoja na kwa uwiano. Mkono ukisimama kabla brashi haijaiacha ngozi, mkia huwa butu na huacha kinundu. Brashi ikiinuliwa ghafla, mkia hukatika ukiwa mfupi na tone likabaki bonge. Mkono unapaswa kuendelea na safari yake hata baada ya unywele wa mwisho kuachana na ngozi, kama ndege inavyoiacha njia ya uwanjani huku bado inakimbia.

Nilipolielewa hilo, niligundua kwamba mwendo hauwezi kutoka vidoleni, kwa kuwa safari ya vidole ni fupi mno. Sasa mwendo hutoka kwenye kiwiko na bega, na vidole vimebakiwa na kazi ya kushusha na kuinua tu. Kidole cha mwisho hukitua juu ya shavu au kidevu cha mtoto, kukiwa na sponji kavu na safi katikati, ili mtoto akijisogeza mkono wangu usogee pamoja naye. Mkono wa kushoto hukishika kichwa kwa wepesi, upande wa juu, bila kukibana. Mtoto aliyebanwa huanza kupambana, na aliyeguswa kwa upole hutulia.

Kwa mazoezi ya nyumbani nilitandaza leso juu ya meza, nikaifunika kwa karatasi ya plastiki angavu, kisha nikazifuata kwa brashi korosho zilizochapwa kwenye pindo lake. Korosho ni umbo linalofaa sana kwa kazi hii: lina kichwa kinene, mgongo uliopinda na mkia unaorudi ndani, kwa hiyo linaulazimisha mkono kuvuta, kuinua na kugeuka kwa wakati mmoja. Leso moja huwa na korosho za ukubwa mbalimbali, na kila ukubwa una brashi yake, namba 2 kwa ndogo, namba 4 kwa za kati na namba 6 kwa kubwa. Plastiki ikijaa hufutwa kwa kitambaa chenye maji, na kazi ikaanza upya. Ninapoona mistari ya plastiki imetulia, huhamia kwenye mkono wangu wa kushoto, upande wa ndani ambako ngozi ni laini, na mwisho usoni mwangu mbele ya kioo.

Mipindo nimeifanyia kazi kwa njia tofauti. Hapo brashi namba 2 husimamishwa wima kabisa juu ya ngozi, ikigusa kwa ncha tu, na unene huongezwa katikati ya safari kwa kukandamiza kidogo kisha kulegeza, hivi kwamba mstari huanza mwembamba, ukanenepa, ukarudi kuwa mwembamba. Maumbo ya kufanyia mazoezi ni mawili, mkunjo wa herufi C na mkunjo wa herufi S, na karibu kila nakshi ya majani na mashina inaweza kujengwa kwa hayo mawili. Mafundi wa Norway waliopamba masanduku na kuta kwa maua katika karne ya 18, kwa sanaa iitwayo rosemaling, walitegemea mikunjo hiyohiyo. Nimekuwa nikiitafuta pia katika milango ya zamani ya Mji wa Kale na ya Lamu, ambako shina lililochongwa kwenye fremu hupanda likijipinda huku na huku na kila mpindo ukazaa jani. Kulichora shina hilo kutoka pembe ya jicho hadi juu ya nyusi kumenifundisha zaidi kuliko kunakili michoro iliyokwisha tayarishwa.

Mei

Mwezi huu nilimpelekea picha za kazi yangu mama mmoja ninayemheshimu, mpaka hina wa maharusi ambaye kwa miaka mingi amejaza maua mikononi na miguuni mwa wanawake wa mtaa wetu. Nilimwamkia, nikamwambia, "Shangazi, nataka unikosoe bila kunionea haya." Alizitazama picha kwa utulivu, kisha akasema, "Mwanangu, maua yako ni mazuri, lakini kila moja lina kwao. Hayajatoka shina moja."

Maneno hayo yaliubadili mpangilio wa kazi yangu yote. Matone yangu, moja moja, yalikuwa yamekwisha kunyooka, lakini mikia yake ilielekea pande tofauti, kwa hiyo jicho la mtazamaji halikujua pa kwenda. Sasa kabla ya kugusa rangi huchagua mahali pamoja usoni, mara nyingi pembe ya ndani ya jicho au katikati ya nyusi, na kila mkia lazima uelekee hapo, hata tone lenyewe likiwa mbali shavuni. Huanza na tone kubwa la katikati, nikafuatisha yale ya pembeni yakipungua ukubwa, na nukta huja mwisho zikiendeleza mkondo uleule. Wanawake wa Kisakalava katika kisiwa cha Nosy Be, Madagaska, ambao hujichora maua na majani usoni kwa uji wa mti uliosagwa juu ya jiwe, huupanga mchoro kwa kufuata umbo la shavu na paji la uso, na nikizitazama picha zao baada ya maneno ya shangazi, naona kwa nini nyuso hizo zimetulia.

Jambo moja limejitokeza mara kwa mara katika kipindi hiki, na naliandika hapa kwa sababu linahusu usalama wa watoto. Wazazi wengine huuliza kama ninaweza kumalizia mistari kwa piko nyeusi, yaani hina nyeusi, ili mchoro udumu siku kadhaa. Sifanyi hivyo kamwe. Piko nyeusi ya siku hizi mara nyingi hutiwa rangi ya nywele yenye kemikali ya PPD, ambayo yaweza kuichoma ngozi, kuitoa malengelenge na kumwachia mtoto mzio wa maisha. Rangi za akriliki za kuchorea vitambaa nazo hazifai usoni, hata chupa ikiandikwa kuwa haina sumu, kwa kuwa hazikutengenezwa kwa ajili ya ngozi. Mtoto mwenye kidonda au vipele usoni humchora mkononi, na sponji iliyogusa uso mmoja haigusi mwingine kabla ya kufuliwa.

Juni hadi Agosti

Kusi imeleta hewa yenye nafuu, nami nikaona ni wakati wa kuingia kwenye brashi bapa. Brashi ya upana wa inchi 1 huburutwa juu ya keki yenye rangi kadhaa zilizopangwa sambamba, ikazibeba zote kwa pamoja, na mpigo mmoja ukatoa petali inayotoka kwenye zambarau iliyokolea hadi nyeupe. Sharti ni kwamba brashi iburutwe kwenda na kurudi juu ya njia ileile ya keki, bila kuhama kushoto wala kulia, la sivyo rangi huchafuana. Nyeupe lazima iwe upande wa nje wa petali, maana ndiyo itakayoutenga mchoro na ngozi. Petali yenyewe hupatikana kwa kuusimamisha upande mmoja wa brashi mahali pamoja huku upande wa pili ukizunguka, ukitetemeshwa kidogo kama unataka ukingo wenye mawimbi. Matokeo yamekuwa mazuri upesi kuliko nilivyotarajia, na nadhani ni kwa sababu miezi ya maji na matone ilikwisha kuutayarisha mkono. Ua la petali tano, likaongezewa matone meupe na mpindo mmoja, hukamilika ndani ya dakika 3 hadi 5, na huo ndio muda ambao watoto wengi wadogo huweza kuvumilia.

Kazi iliyobaki ni ya pande mbili za uso. Kwa kuwa ninatumia mkono wa kulia, tone la kuvutwa kuja kwangu hutoka vizuri upande mmoja, ilhali upande wa pili kiganja hufunika mahali mkia unapopaswa kuishia. Suluhisho ninalolijaribu ni tone la kinyume, linaloanzia mkiani: ncha hugusa ngozi, brashi hukandamizwa kadiri inavyosogea, kisha huinuliwa wima bila kuvutwa. Kwenye paji la uso, ambako ngozi imetanda, tone hilo limeanza kulingana na wenzake. Shavuni, ambako ngozi hubonyea chini ya brashi, kichwa chake bado hutoka kikiwa na pembe. Nimehamia brashi namba 3 yenye nywele fupi zaidi kwa ajili ya upande huo, na ninamwomba mtoto ajaze hewa mdomoni kwa muda mfupi ili shavu likazike. Septemba nitaendelea na hilo peke yake, kwa nyeupe, kabla ya kurudi kwenye petali.