FJR1300 iliyotumika: kilomita za mwanzo kutoka Dar hadi Chalinze

Jumapili, jioni

Pikipiki kubwa ya safari ndefu ikishakaa na mtu mwingine miaka mingi, kilomita za mwanzo zinakupa zaidi habari za aliyekuwa nayo kuliko habari za pikipiki yenyewe. Hii ni Yamaha FJR1300 ya 2006, imetoka Uingereza, na leo imeonja barabara ya Morogoro hadi Chalinze na kurudi. Kila nilichokisikia mkononi nakiweka kwenye fungu lake: hiki ni tabia ya mashine, kile ni uchakavu ambao spana na grisi vitauondoa. Mafungu hayo yakichanganyika, mtu anaweza kuuza pikipiki nzuri kwa kosa la tairi.

Kwa asiyeijua: FJR1300 ilianza kuuzwa 2001, na 2006 ndiyo ikaja hii ya kizazi cha pili. Injini ni cc 1,298, silinda nne zilizopangwa mstari mmoja, gia tano, na nguvu inafika gurudumu la nyuma kwa shafti, si cheni. Tangi lita 25. Nguvu farasi karibu 144. Ikiwa imejazwa mafuta na oili inagonga kama kilo 290, na uzito huo unausikia unapoisukuma kuingia uani au kuitoa kwenye stendi. Ikishafika mwendo wa baiskeli, uzito unapotea, kwa sababu sehemu kubwa umebebwa chini.

Jambo la kwanza kulisikia ni kona. Ukianza kuilaza inagoma, inataka kubaki wima; ukiongeza nguvu kidogo inaanguka ghafla ndani ya kona kuliko ulivyokusudia. Wengi hapo husema FJR ni nzito kugeuza. Si kweli. Hilo ni tairi la nyuma lililolika katikati. Pikipiki za aina hii huko zilikotoka hula maelfu ya kilomita kwenye barabara kuu zilizonyooka, na mpira unaisha katikati huku mabega, yaani pande zake, yakibaki mazima. Chukua rula, ilaze kwa upana juu ya tairi la nyuma: kama inalala bapa sehemu kubwa badala ya kugusa kitu kidogo cha katikati, jibu umeshapata. Pale bapa inapokutana na bega pana ukingo, na kona zote zinapitia juu ya ukingo huo.

Ukiwa umechuchumaa hapo soma na umri wa tairi. Ubavuni, mwisho wa maandishi ya DOT, kuna tarakimu nne: mbili za wiki, mbili za mwaka. 2315 ni wiki ya 23 ya 2015. Mpira wa umri huo unaweza kuwa na kashata (meno ya juu ya tairi) nzima kabisa na bado usishike lami, hasa mvua za kwanza zinapolainisha vumbi na oili barabarani. Mipasuko midogo kwenye mifereji ya kashata ni dalili ya kutosha. Saizi ni 120/70-17 mbele na 180/55-17 nyuma, aina ya ZR, ya mwendo mkubwa. Mpira wa pikipiki ndogo hauingii hapa, na hata ukiingia haubebi uzito huu.

Kabla ya kununua tairi, pima upepo. Ni bure, na upepo mdogo mbele unaleta uzito uleule wa usukani unaodhaniwa ni ubovu. Kipimo cha FJR ni psi 39 mbele na 42 nyuma, tairi likiwa la baridi, yaani asubuhi kabla ya kuondoka. Fundi aliyezoea bodaboda ataona namba hizo ni kubwa mno na atataka kukupunguzia. Kataa. Nunua geji yako mwenyewe ukae nayo chini ya siti, maana geji za vituo vya mafuta hazikubaliani zenyewe kwa zenyewe.

Dalili nyingine ni ya kujificha zaidi. Kwenye mnyoofu wa baada ya Mlandizi, pikipiki haikai kwenye mstari wake. Inahama kidogo kushoto, unairudisha, inapitiliza kulia. Hapo kuna mambo mawili ya kutenganisha. La kwanza ni barabara: malori yamechimba mifereji kwenye lami, na tairi pana la inchi 17 lazima livutwe na kingo zake. Hilo ni la kawaida. Mkono uwe mwepesi, magoti yabane tangi, na ukitaka kuuvuka mfereji uukate kwa pembe ya wazi, usiufuate ukingoni. La pili ni beringi za shingo ya usukani. Kuzipima, weka stendi ya kati, mtu akalie nyuma mpaka gurudumu la mbele linyanyuke, kisha ugeuze usukani polepole kwa kidole kimoja kutoka mwisho hadi mwisho. Ukisikia kituo pale katikati, kama unaingia kwenye kishimo na kutoka, beringi zimeshachimba njia yake na hazitengenezeki. Zinabadilishwa. Kukaza nati ya shingo hakuponyi kitu hapo. Kunafanya usukani uwe mzito na kuyumba kuzidi. Zikiwa laini lakini usukani unacheza mbele na nyuma ukibana breki, hapo ndipo kukaza kidogo kunasaidia.

Shokapu ya nyuma ina mkono wa pembeni wenye nafasi mbili tu, laini na ngumu. Wengi wanauacha kwenye laini maisha yote, halafu wanapakia abiria na mabegi ya pembeni na kulalamika kwamba pikipiki inagusa matuta. Nafasi kati ya tumbo na ardhi ni kama sentimita 13. Kwa matuta yetu ya vijijini hizo ni chache, kwa hiyo ukiwa na abiria weka ngumu, punguza mwendo kabla ya tuta, kisha achia breki gurudumu la mbele linapopanda. Ukiendelea kubana breki juu ya tuta, mbele imeshazama na ile nafasi umeshaipunguza mwenyewe. Kuhusu foku za mbele: ukishika breki kwa upole tu na pua inapiga mbizi, huenda oili ya foku imechoka. Pima kwanza. Funga kamba ya plastiki kwenye bomba la foku, kaa kwenye pikipiki na mavazi yako yote, kisha shuka uone kamba imesukumwa umbali gani kulinganisha na foku ikiwa imenyanyuliwa kabisa. Milimita 30 hadi 40 ni sawa kwa safari. Zaidi ya hapo, kaza springi kwa skrubu za juu kabla hujalaumu oili.

Akseleta sasa. Hapa ni tabia ya mashine, na ni vizuri kuikubali mapema. Ukiwa umeifunga kabisa halafu ukaifungua kidogo, injini haiji taratibu, inaruka. Kwenye mzunguko wa barabara au foleni jambo hilo linachosha. Linapunguzwa kwa njia tatu. Kwanza, ulegevu wa waya wa akseleta: uwe milimita 3 hadi 5 pembeni mwa mshikio, maana waya ukiwa legevu zaidi mkono unapitia utupu kisha unakuta nguvu kwa mkupuo. Pili, kuoanisha koo za hewa, yaani njia zinazoingiza hewa kwenye silinda, zote nne kwa geji za mvuto. Zisipolingana, injini inatetema kwenye vidole na nyayo ikifika kama mizunguko 4,000 kwa dakika, na watu wanadhani ndivyo ilivyoundwa. Tatu ni mguu: kwenye mwendo mdogo gusa breki ya nyuma kidogo sana wakati unafungua mafuta, na ule mruko unamezwa.

Ikishavuka hapo, injini hii ni raha tupu. Kwenye gia ya tano kwa kilomita 100 kwa saa mizunguko imezidi 3,000 kidogo tu, na ukitaka kulipita basi hushuki gia. Unafungua mafuta na inaondoka. Mguu wa kushoto utaendelea kutafuta gia ya sita ambayo haipo. Ilikuja kwenye modeli za 2016.

Asubuhi, ukiingiza gia ya kwanza injini ikiwa baridi, inagonga kwa kishindo na pikipiki inasogea. Sahani za klachi zimegandana usiku kucha. Kabla ya kuwasha, bana klachi, ingiza gia, isukume mbele na nyuma mpaka ziachiane, ndipo urudi fri na kuwasha. Kama kishindo kinaendelea hata injini ikiwa ya moto, angalia kopo la mafuta ya klachi kwenye usukani. Yakiwa rangi ya chai, yatoe, weka mafuta mapya ya aina ya DOT 4, na toa hewa yote. Ya breki hivyohivyo, kila baada ya miaka miwili.

Na breki yenyewe ina siri ambayo mwenye kuhamia kutoka pikipiki za kawaida anapaswa kuijua kabla hajafika kwenye mchanga. Pedali ya nyuma kwenye modeli hii haishiki gurudumu la nyuma peke yake. Inabana pia pistoni mbili za kalipa (kibano cha breki) ya mbele, upande wa kulia. Kwenye lami ni msaada mkubwa, pikipiki inakaa chini badala ya kuinama. Kwenye barabara ya mchepuo yenye changarawe, mguu mzito ni sawa na kushika breki ya mbele. ABS itazuia gurudumu lisigande, lakini itakupeleka mbele zaidi kuliko unavyotaka. Punguza kwa gia mapema.

Joto. Mchana wa Kimara, foleni imesimama, feni inawaka na hewa ya moto inakuja mapajani. Kizazi cha kwanza kilikuwa kikali zaidi. 2006 Yamaha walibadilisha njia ya hewa pembeni mwa rejeta. Joto la mapajani lisikutishe, bali tazama geji. Ikipanda umesimama na kushuka ukitembea, shida iko kwenye feni, fyuzi yake au waya. Ikipanda ukiwa kwenye mwendo, angalia rejeta yenyewe: mapezi yaliyozibwa na wadudu na matope, maji ya rejeta yaliyopungua, au thamostati iliyoganda. Mapezi yasafishwe kwa maji ya nguvu ndogo kutoka nyuma kuja mbele. Maji ya shinikizo kubwa yanayalaza, na yakilala hewa haipiti tena.

Kioo cha mbele kinapanda na kushuka kwa swichi. Kikiwa juu kabisa kinatengeneza ombwe nyuma yake, na upepo wa mgongoni unakusukuma mbele hadi mikono inachoka. Kiache chini ya usawa wa macho kwa kilomita za joto, kipandishe mvua ikija. Mwanga umekaa vizuri, kwa kuwa taa za Uingereza zinamulika upande wa kushoto wa barabara kama zetu. Zilizotoka bara la Ulaya zinawapiga machoni wanaokuja. Spidi mita ndiyo ya kuizoea: namba kubwa ni maili, kwa hiyo kilomita 50 kwa saa za vijijini ni 31, na 70 za ndani ya hifadhi ya Mikumi ni 43 na kidogo.

Umeme nitaupitia kwa haraka, ila usiuruke. Kizazi hiki kinajulikana kwa viungio vya waya za ethi, zile zinazorudisha umeme kwenye hasi ya betri, ambapo waya nyingi hukusanyika kwenye plagi moja ndogo na kupata moto. Dalili ni taa ya ABS kuwaka bila sababu, taa za mbele kufifia, au injini kuzimika na kurudi. Vifungue, tazama plastiki iliyobadilika rangi, safisha, kisha ongeza waya wa ethi kutoka kila kiungio hadi hasi ya betri. Betri iliyolala isome volti 12.6 au zaidi, na injini ikiwa kwenye mizunguko ya juu ifike 14 na ushee.

Matumizi ya leo ni kama kilomita 17 kwa lita, bila kuharakisha. Kwa tangi la lita 25 hiyo ni zaidi ya kilomita 400 kinadharia, lakini Iringa iko karibu kilomita 500 kutoka Dar, kwa hiyo kujaza Morogoro ni lazima, au Mikumi kwa anayetaka kunyoosha miguu hapo.

Kazi ya wiki inaanzia nyuma. Tairi likitolewa, gurudumu liko chini tayari, na vitu vitatu vilivyo nyuma yake vinafanyika kwa bei ya kimoja. Meno ya kitovu cha gurudumu yanayoingia kwenye gia ya shafti yafutwe na kupakwa grisi ya molibdenamu. Yakikutwa makavu na ya rangi ya kutu, hakikisha hayajachongoka. Oili ya gia ya nyuma itolewe na kuwekwa mpya, 0.2 lita tu ya SAE 80 GL-4, pikipiki ikiwa wima kwenye stendi ya kati, hadi usawa wa tundu la kujazia. Na viungo vya chini ya shokapu vifunguliwe, beringi zake zipakwe grisi, maana ndivyo vinavyosahaulika kuliko vyote na vikikauka nyuma inakuwa ngumu kama haina shokapu. Beringi za shingo zitafuata zikipatikana. Mlima wa Kitonga, njiani kwenda Iringa, usubiri mpaka hapo, kwa sababu kuupanda nyuma ya lori kwa gia ya kwanza, na tairi bapa kwenye kona zile, hakutanieleza chochote kuhusu pikipiki hii.