Chevelle ya 1971: nilivyopatanisha kemshafti, mgandamizo na difu

"Weka kemshafti kubwa, mengine yatajipanga." Nilishauriwa hivyo hapa Marekani na watu watatu tofauti kuhusu Chevelle yangu, gari la Chevrolet, na kiangazi kizima kikapotea. Kemshafti ndiyo shafti inayofungua valvu za injini; kubwa huziacha wazi muda mrefu zaidi. Mengine hayajipangi.

Mwaka 1971 General Motors ilishusha mgandamizo wa injini zake, yaani kiasi pistoni inavyobana mchanganyiko wa hewa na petroli, ziweze kutumia petroli yenye madini ya risasi kidogo. Yangu, ya inchi za ujazo 350 (lita 5.7), ilikuwa 8.5 kwa 1. Nikaitia kemshafti ya digrii 236, yaani kiasi injini inachozunguka valvu ikiwa wazi, kikipimwa tapeti (kisukuma valvu) ikiwa imeinuka inchi 0.050. Valvu ya kuingiza ikawa inachelewa kufunga, pistoni ikipanda inarudisha mchanganyiko ulikotoka, na mgandamizo uliokuwa mdogo ukapungua zaidi. Chini ya mizunguko 2,500 kwa dakika hakuna nguvu. Kwenye taa, ukiwa gia ya D, injini inazima kwa sababu toki konveta ya kiwandani, kiungo cha injini na giaboksi ya otomatiki, inashika mapema mno. Breki nazo zikawa ngumu: sevo, kisaidizi cha breki, haipati mvuto wa kutosha kutoka kwenye manifoldi, bomba la kuingizia hewa kwenye injini.

Nikageukia difu, gia za ekseli ya nyuma. Kama ni ya kawaida, isiyofunga magurudumu pamoja, huhitaji kuifungua ili kujua uwiano wake. Inua tairi moja la nyuma, weka nyutro, chora chaki kwenye propela (shafti ndefu itokayo kwenye giaboksi), kisha zungusha tairi mara 2 kamili. Propela yangu ilizunguka kasoro kidogo ya mara 2¾, yaani 2.73. Tairi langu likizunguka mara moja gari linasogea mita 2.05, kwa hiyo kilomita 100 kwa saa ni mizunguko 2,220 tu. Hata barabara kuu kemshafti ile ilikuwa bado haijaamka!

Ili injini izunguke haraka zaidi, nikanunua krauni na pinioni, gia kubwa na ndogo za difu, za uwiano wa 3.73, dola mia kadhaa, zikakataa kukutana. Krauni zote mbili zina meno 41, lakini pinioni inashuka kutoka meno 15 hadi 11. Inakuwa nyembamba, hivyo krauni lazima isogezwe karibu nayo. Kwenye ekseli ya aina ya boliti 12, kama yangu, kibebeo cha krauni cha 2.73 kinaishia hapo, 3.07 hadi 3.73 zina chake, na kuanzia 3.90 kuna kingine. Muuzaji hakuniuliza ninacho kipi. Muulize wewe kabla hujalipa. Nilipopata kibebeo sahihi, niliacha nafasi ya inchi 0.008 kati ya meno, nikapaka rangi kuona yanapogusana.

Kemshafti nikairudisha hadi digrii 218, nikaweka pistoni bapa, hedi (vifuniko vya silinda) za alumini zenye chumba cha kuchomea cha sentimita za ujazo 64, mgandamizo karibu 10, na konveta inayoshika kwenye mizunguko 2,400. Sasa inaondoka kwenye taa kwa nguvu, haizimi. Kwenye kilomita 100 inazunguka 3,030, makelele kwa safari ndefu. Giaboksi ya 700R4, ya otomatiki ya General Motors, ambayo gia yake ya nne ni 0.70, itaishusha hadi 2,120, na ndiyo ninayoitafuta.