Mifupa ya Kijana Hujengwa Uwanjani

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi kwa wastani wa dakika 60 kwa siku, ilhali takwimu za mwaka 2016 zilionyesha kuwa takribani asilimia 81 ya wanafunzi wa miaka 11 hadi 17 hawakufikia kiwango hicho. Kinachonigusa zaidi ni mifupa: sehemu kubwa ya uimara wake hujengwa katika umri wa balehe, na kukimbia au kuruka kamba huipa mzigo unaoichochea kukua. Moyo nao huimarika. Nashangaa tunavyomnyima kijana mchezo wakati wa mitihani (nami nimo), ilhali mazoezi humsaidia kutuliza akili na kulala vizuri.