Siku moja wodini: mrija wa nyongo ulipoziba

Saa 1:00 asubuhi. Sijavaa hata koti, muuguzi wa usiku ananiwahi mlangoni: "Dokta, anza kitanda cha tisa."

"Shikamoo mama." "Marahaba, mwanangu," anaitika kwa shida, akitetemeka mpaka kitanda kinalia. Joto 39.4. Nashusha ukope: jicho lina rangi ya binzari. Nikibonyeza chini ya mbavu za kulia, anaushika mkono wangu. Homa, manjano, maumivu hapo hapo: dalili tatu za maambukizi ya mrija wa nyongo alizozieleza daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot mwaka 1877. Wagonjwa wengi hawaji nazo zote tatu, ndiyo maana tunachelewa.

Binti yake anasema ametibiwa malaria, kisha taifodi, kisha akanyweshwa mizizi ya kutibu manjano. Siku sita. Namuuliza rangi ya mkojo. "Kama chai ya rangi, dokta. Na choo cheupe kama majivu." Inaniuma kwamba hakuna aliyeuliza hilo mapema.

Saa 2:30. Damu ya kuotesha kwanza, ili tujue ni bakteria gani, kisha antibayotiki na dripu. Ultrasaundi inaonyesha mrija wa nyongo wenye upana wa milimita 14, wakati kwa kawaida hauzidi 6 au 7, na jiwe limekwama chini. Nyongo ikitiririka husafisha njia yake; ikisimama, bakteria wa utumboni kama E. coli na Klebsiella huzaliana humo. Shinikizo likipanda, huwasukuma mpaka kwenye damu.

Saa 5:00. Presha imeshuka, 85/50. Anamwita bintiye kwa jina la dada yake aliyekwisha kufariki. Hapa ndipo tunapowapoteza. Dawa peke yake haitafua dafu: uchafu uliofungiwa lazima utoke.

Saa 6:15. Njia bora ni kamera inayopitishwa mdomoni hadi kwenye tundu la mrija, ila hapa kwetu haipo. Daktari wa radiolojia anapitisha sindano kwenye ngozi mpaka ndani ya ini, macho yakiwa kwenye skrini. Kinachotoka ni kizito, kijani kilichochanganyika na usaha, kinashuka taratibu kwenye mfuko. Chumba kizima kimya.

Saa 9:00. Raundi. Mzee wa kitanda cha pili amezibwa na uvimbe wa kongosho. Kumtoboa kunampa nafuu, hakumponyi, na familia yake nimeiambia hivyo wazi. Kwa watoto nimewahi kukuta hata mnyoo umepanda mrijani.

Saa 12:00 jioni. Joto 37.8, presha 110/70. Mama anauliza kama binti amekula. Jiwe bado limo, kesho natafuta hospitali yenye kamera ya kulitoa, kisha mfuko wa nyongo nao uondolewe. Kinachonitia hofu ni figo: saa iliyopita, mkojo mililita 35. Namwachia sista wa zamu maagizo: ukishuka chini ya 30, nipigie, hata kama ni usiku wa manane.