Tone Moja Chini ya F-16

Mafundi wa ndege za kivita wakikutana hawaishi kubishana kazi ipi ni ngumu kuliko zote. Wa injini atasema injini. Wa viti atasema hakuna kama yake, maana kile kiti cha kumrusha rubani nje kina roketi, na yeye ndiye anayekifungua akiwa amekiinamia. Mimi nilikaa miaka minne kwenye F-16 upande wa mafuta, na nasema ni mafuta. Najua, mwamba ngoma huvutia kwake. Lakini injini ya F-16 ni moja, na ukishafungua vya kufungua inatolewa kwa nyuma, inateleza kwenye reli kama droo ya kabati. Ni nzito, ila unaiona. Mafuta yanayovuja huyaoni yanakoanzia, unaona yanakotokezea tu.

Mimi ni wa Tanga. Nilikwenda Marekani kwa ile bahati nasibu ya viza, na kwa kuwa mwenye kibali cha ukaazi anaruhusiwa kujiunga na jeshi hata kabla ya uraia, nikaingia jeshi la anga. Kazi ya mafuta sikuichagua, nilipangiwa. Nikampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wamekupa kazi gani huko?"

Nikamwambia nitakuwa nashughulikia matangi ya mafuta ya ndege. Akauliza kama ni petroli. Nikamweleza yanaitwa JP-8, ni ndugu wa mafuta ya taa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sasa si ungebaki ukapime kwa chupa dukani kwa mjomba wako?"

Hakukosea sana. Harufu ni ile ile ya koroboi niliyosomea utotoni, na haitoki. Unaoga, unabadili nguo, unakaa kwenye basi, jirani anasogea.

F-16 ya kiti kimoja inabeba ndani yake takriban kilo 3,200 za mafuta, kwenye matangi ya kiwiliwili na mabawa. Ile ya viti viwili inabeba pungufu, kwa sababu kiti cha pili kimekaa mahali ambapo yangekaa mafuta. Maana yake ni kwamba mbunifu hakumwachia fundi nafasi yoyote. Tangi la mbele lipo nyuma ya chumba cha rubani, na unaliingia kwa juu, kichwa kwanza, mikono mbele, miguu ikibaki nje hewani kama mtu aliyetumbukia kisimani.

Kabla ya kuingia kuna shughuli. Mafuta yanatolewa yote, kisha hewa inapulizwa ndani kwa saa kadhaa kufukuza mvuke. Unapima. Mvuke usizidi asilimia 10 ya kiwango ambacho kingeweza kuwaka, na oksijeni isipungue asilimia 19.5. Nguo ni za pamba, maana nailoni ikisuguana inazaa cheche. Pete, saa, simu, vyote vinabaki nje. Kila kifaa kinahesabiwa kikiingia na kinahesabiwa kikitoka, hata kitambaa cha kufutia. Na lazima awepo mwenzako mlangoni ambaye haondoki kwa sababu yoyote, hata akiitwa na mkubwa.

Mara ya kwanza nilidumu ndani dakika mbili, labda tatu. Barakoa ilinibana, bega likakwama kwenye ubavu wa chuma, nikapiga mateke. Walinivuta kwa miguu. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Dawa niliipata kwa njia ya kitoto. Nilichukua vipimo vya tundu na vya tangi kwenye michoro, nikavichora kwa chaki sakafuni pembeni ya hanga, lile banda la ndege, nikawa najilaza pale baada ya kazi nimefumba macho. Nikajifunza mkono utangulie wapi, bega lipi lishuke kwanza, nitarudi vipi nyuma bila kugeuka. Nikiwa ndani kweli nilihesabu vichwa vya boliti kwa Kiswahili, taratibu, ili pumzi isinikimbie. Mwenzangu wa mlangoni, kijana wa Texas, alisikia, akaniomba neno moja la kuniulizia hali. Nikampa "salama". Tangu siku hiyo kila baada ya dakika chache ilikuwa "Salama?" na mimi "Salama!" Neno hilo lina irabu tatu nene, linapenya barakoa vizuri kuliko neno lolote la Kiingereza nililojaribu.

Sasa, niwasimulie kuhusu ndege moja. Tulikuwa kambi moja ya jangwani Arizona, kiangazi, chuma ukikigusa kinakuunguza. Ndege ikaletwa inadondosha tone kwenye uwazi ambamo gurudumu kuu hujikunja. Utaratibu ni kufuta pakauke, kupaka unga maalumu unaobadilika rangi ukilowa, kusubiri dakika 30, kisha kupima doa. Doa dogo, kutegemea lilipo, ndege inaweza kuruka nalo. Hili halikuwa doa, lilikuwa linatiririka. X nyekundu ikaandikwa kwenye fomu, na ndege yenye X nyekundu hairuki.

Nikafanya kosa la mgeni: nikaziba juu ya pale palipodondoka. Nilikwangua gundi ya zamani, ile inayoziba viungo vya tangi, kwa kipande cha plastiki, maana chuma kingekwaruza ukuta wa tangi, nikasafisha hadi kitambaa kikatoka cheupe, nikapaka mpya. Gundi hii ni ya kuchanganya sehemu mbili, na ina tabia zake. Joto linaiharakisha, ukavu wa hewa unaichelewesha, na Arizona ina vyote viwili. Tukasubiri ikauke. Tukajaza mafuta. Tone likarudi pale pale, kama linanikejeli. Siku tatu zimekwenda, na rubani anapita kila asubuhi kuuliza.

Sajini wangu, mama mmoja aliyeanza kazi hii kabla sijamaliza shule ya msingi, hakunifokea. Aliniuliza tu, "Maji yanayodondoka sebuleni, tundu la paa liko juu ya sebule?" Kwetu kila aliyelala chini ya bati bovu anajua jibu. Maji hufuata boriti.

Tukatoa mafuta tena, tukapuliza tena, tukapima tena. Safari hii mwenzangu alibana kikombe cha hewa ya shinikizo dogo nje, pale palipovuja, nami ndani nikapaka maji ya sabuni kwenye kila kiungo nikimulika kwa tochi isiyotoa cheche. Hewa ilirudi njia ile ile ya mafuta, kinyumenyume. Nikahesabu boliti. Nilipofika ya thelathini na kitu, karibu urefu wa mkono mzima mbele ya pale nilipoziba, povu likaota. Kipovu kimoja, kikapasuka, kikaota kingine. Nilipiga kelele hadi kijana wa Texas akadhani nimeumia.

"Salama?"

"Salama sana!"

Kukwangua pale kulinichukua zamu nzima, kwa mkono mmoja, shingo imepinda, kwa sababu mkono wa pili haukuwa na pa kupita. Viwiko vilichubuka. Siku ya sita tulijaza mafuta, tukapaka unga, tukakaa kwenye ndoo zilizopinduliwa tukiutazama. Dakika 30. Unga ulibaki mweupe. Sajini akaufuta kwa kidole, akanusa, akaenda kusaini ile X iondolewe.

Kesho yake asubuhi ikavutwa ndege nyingine, inadondosha upande wa kushoto. Nikaenda kuchukua unga.